Ng'ombe Hanidai Tena

Siku aliyopaswa Selestini kuja kuchukua jibu lake, Mwamini aliunguza maharage, akatia chumvi mara mbili kwenye mboga, na shangazi yake alipoingia uani akamwamkia kwa kusema, "Marahaba."

Shangazi Hidaya alisimama palepale, kikapu cha migebuka kichwani, akamtazama binti wa kaka yake juu hadi chini.

"Marahaba? Tangu lini mimi nakuamkia wewe?"

"Nisamehe, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Mawazo yako yako Katonga, mwanangu. Yaite yarudi, baba yako atataka kula."

Mwamini aliinamia jiko ili uso wake usisomwe. Shangazi alichagua samaki watatu wa nyumbani, akajitwika waliobaki na kutoka kwenda kuwauza sokoni, akinung'unika njia nzima kuhusu wasichana wa siku hizi. Mawazo ya Mwamini yalikuwa Katonga kweli, alikokaa Selestini. Yalikuwa huko tangu siku alipopeleka mkojo wa baba yake hospitali ya mkoa, akakuta dirishani pa maabara Selestini, kijana mrefu aliyevaa koti jeupe, macho yake yakimtazama mtu kana kwamba ana muda wote wa dunia. Chupa ya mkojo ndiyo iliyowakutanisha. Wapenzi wengine huelezana habari za maua. Hawa wawili kila walipokumbuka mwanzo wao walicheka mpaka wakashika mbavu.

Baba yake, Mzee Saad, alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka mingi bwana harusi wa Ujiji aliyejiheshimu hakuoa bila kanzu iliyopita mikononi mwake. Kisha ukaja ugonjwa wa sukari. Watu wa Ujiji hawana dogo, wakalifanyia utani hata hilo. Mwaka ule sukari ilikuwa adimu, watu wakipanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri na kurudi mikono mitupu, basi wakasema sukari yote ya mkoa imejificha katika damu ya fundi Saad. Mzee alicheka nao, lakini ugonjwa haukuwa na mzaha. Ulimwondolea unene, ukamwondolea nguvu, na mwisho ukamwingia machoni, hata akashindwa kutunga uzi kwenye tundu la sindano. Cherehani ikafunikwa khanga kuukuu, ikawa meza ya kuwekea taa.

Sindano ilimhama mkononi, ikamfuata mwilini. Kila asubuhi na kila magharibi ilibidi achomwe, na aliyefundishwa kazi hiyo hospitalini alikuwa Mwamini peke yake. Mama yake alikwisha kufa, ndugu hakuwa nao. Shangazi Hidaya, mwanamke aliyewahi kumfukuza mwizi kwa mwiko mpaka karibu na ziwa, akiona sindano hutafuta mlango. Basi Mwamini ndiye aliyechemsha bomba la kioo, akapima sukari kwenye mkojo kwa dawa ya buluu aliyopewa hospitalini na kuutokosa juu ya jiko akitazama rangi. Ikibaki buluu, shwari. Ikigeuka kijani, si haba. Ikiwa nyekundu kama tofali, balaa. Rangi hiyo ndiyo iliyomwambia avute dawa ya sindano mpaka mstari gani siku hiyo. Akizidisha, baba yake angezimika. Akipunguza, angekauka kwa kiu huku akinywa maji. Miaka ikapita hivyo. Wenzake waliolewa, wakazaa, wakaachika na kuolewa tena, yeye yuko palepale kati ya jiko na mtungi.

Mtungi wenyewe ulikuwa mdogo, umezikwa nusu yake mchangani chini ya dirisha la jiko, maana nyumba haikuwa na jokofu na dawa ile haipendi joto. Daktari alipomweleza Mzee Saad kwamba dawa hiyo hutolewa katika kongosho la ng'ombe, mzee alirudi nyumbani akatangaza kuwa hatakula tena nyama ya ng'ombe maisha yake yote. "Siwezi kumtafuna anayeniweka hai," alisema, na hiyo ikawa hadithi yake barazani kwa kila mgeni. Aliita dawa yake maziwa ya pili. Kwenye karamu alisukuma mnofu pembeni kwa adabu, akala wali mtupu.

Ila Idi iliyopita Mwamini aliona jambo. Sinia lilipowekwa, mzee alinyoosha mkono akachukua nyama ya ng'ombe, akala, akachukua tena. Mwamini alifurahi. Alidhani ni njaa.

Hakutaka kuwaza zaidi, kwa sababu kuhusu dawa ile alikuwa na siri yake mwenyewe iliyomkaba. Siku moja kabla ya Ramadhani, Selestini alishika chupa mpya, akaigeuza kwenye mwanga na kusoma neno dogo la Kiingereza lililoandikwa chini ya jina la dawa. Uso ukambadilika.

"Mwamini, hii si ya ng'ombe."

"Ya nini sasa?"

"Ya nguruwe. Ya ng'ombe haiji tena kutoka Dar. Hii ndiyo iliyopo."

Tangu siku hiyo, kila aliposema "Bismillahi" na kuishika ngozi ya baba yake, Mwamini alihisi mkono wake si wake. Angemwambia, mzee angeiacha dawa. Alimjua, mtu aliyeacha ng'ombe kwa shukrani angeshindwaje kuacha nguruwe kwa imani? Na akiiacha, usingepita mwezi kabla ya kumzika. Basi akanyamaza, akachoma, akanyamaza.

Halafu likaja jambo la posa. Majuzi wazee wa Selestini walitoka Katonga, wakiongozwa na baba yake mkubwa, Mzee Dismasi, Mbembe mpole wa kanisani ambaye wazazi wake walivuka kutoka ng'ambo ya Kongo. Kwa ng'ambo Mzee Saad hakuwa na la kusema, maana babu yake mwenyewe alivuka ziwa lilelile, tofauti ni kwamba yeye alikuja na msahafu na wale wakaja na rozari. Aliwakaribisha vizuri, akawasikiliza. Selestini alisema kwa kinywa chake kwamba yuko tayari kusilimu. Mzee Saad akatikisa kichwa.

"Anayesilimu kwa ajili ya mwanamke, mwanamke akizeeka atarudi alikotoka," alisema. "Mnisamehe, ndugu zangu. Nguruwe haingii nyumbani kwangu."

Wageni waliinuka, chai haijanywewa. Mwamini alikuwa nyuma ya pazia, na maneno yalimfika mpaka kwenye ulimi: ameshaingia, baba, yumo mtungini. Aliyameza, yakabaki kifuani kama mwiba wa samaki.

Sasa alikuwa amelisugua bomba la sindano mpaka likang'aa pasipo haja, alipomsikia Selestini akipiga hodi nyuma ya ua.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba kuliko alivyotaka.

Selestini aliingia akiwa na chupa ya dawa aliyoifunga kitambaa kibichi. Hiyo ndiyo iliyokuwa ruhusa yake ya kufika pale. Posa ilikataliwa, lakini dawa ilibidi iletwe. Mwamini aliipokea, vidole vyao vikagusana juu ya kitambaa cha baridi, na hakuna aliyeharakisha kuviondoa.

"Umekonda," Selestini alisema.

"Na wewe hukunyoa."

"Nilikuwa nawaza. Mzee yuko?"

"Yuko msikitini, amepitiliza barazani. Kaa, nikutilie chai."

"Sikai. Nikikaa utanipa chai, nikinywa chai utanipa habari za shangazi, na jua litazama nimerudi Katonga bila jibu. Nakujua." Alitabasamu, lakini macho hayakutabasamu. "Treni ni Alhamisi, Mwamini. Nimekata tiketi mbili."

"Umemkatia tiketi mtu ambaye hajakujibu?"

"Nimemkatia mtu ninayempenda. Akikataa kuja, mkoba wangu utakaa kwenye kiti chake, na nitauonea uchungu mpaka Dar es Salaam."

Mwamini alicheka, kisha akaona machozi yanakuja na kicheko, akageuka kuiweka chupa mtungini. Alichukua muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Hebu niambie tena habari za huko Ulaya," alisema akiwa amempa mgongo. "Niambie polepole, nipate kuamini."

Selestini akachuchumaa karibu naye, wakawa wamekaa bega kwa bega mbele ya mtungi. "Wamenipa nafasi ya masomo katika kiwanda cha dawa. Kuna ufundi mpya kabisa. Unajua dawa hii mwili wa mtu mwenye afya hujitengenezea wenyewe. Ndani yetu mna maagizo ya namna ya kuitengeneza, kila mtu amezaliwa nayo. Sasa wataalamu wameyapata maagizo hayo. Wana kama mkasi, mdogo hata hauonekani kwa darubini. Wanakata mahali fulani katika kijidudu, wanapachika pale maagizo ya binadamu, wanashona. Kama baba yako alivyokuwa akitia kiraka. Kijidudu kinaamka, kinasoma kiraka, na kinaanza kutengeneza dawa ya mtu. Si ya ng'ombe, si ya nguruwe. Ya mtu."

"Kijidudu gani?"

"Cha kawaida tu. Kinaishi tumboni."

"Tumboni, kwenye uchafu?" Mwamini alimgeukia. "Sele! Tunamtoa nguruwe, tunaingiza mavi?"

Selestini alicheka kwa sauti, mara ya kwanza siku hiyo. "Wanakilea kwenye matangi safi, makubwa kuliko nyumba hii, kwa sukari na maji. Kinazaana usiku na mchana. Kisha dawa inachujwa, inabaki nyeupe kama chumvi. Kijidudu chenyewe hakimo. Wameshaweza, Mwamini, kule Marekani. Kilichobaki ni kuitengeneza kwa wingi, watu wote wapate. Na mimi nitakuwamo. Mtoto wa mvuvi wa Katonga! Na nitakapoileta chupa ya kwanza, nitaileta hapa, kwenye mtungi huu."

Alisema kwa moto, na Mwamini akampenda kwa moto huo mpaka akaumia. Alitamani kumshika uso. Alijiona yuko naye kwenye treni, kichwa begani, Tabora inapita, Dodoma inapita.

"Tutafunga ndoa bomani tukifika Dar," Selestini aliendelea. "Sheria inaruhusu, mimi na dini yangu, wewe na yako. Baba yako akitulia, nitasilimu kwa hiari yangu na hatasema nimenunuliwa."

"Itachukua miaka mingapi hiyo dawa yako?"

"Mitano. Labda sita."

"Na miaka hiyo sita nani atamchoma baba?"

Selestini aliokota kijiti, akachora mchangani, akakifuta alichochora.

"Mfundishe mtu."

"Nani? Shangazi? Mwaka juzi nilimshikisha bomba tupu, akazirai, nikammwagia maji usoni kumwamsha. Jirani? Nani atakuja kila alfajiri kutokosa mkojo wa mzee wa watu na kutazama rangi? Nimewaza yote, Sele. Nimewaza mpaka kichwa kimechoka. Unajua mgono, ule mtego wa samaki? Mlango wa kuingilia mpana, samaki anaingia akicheza. Hakuna aliyemsukuma, na kutoka hawezi."

"Basi mwambie ukweli."

"Ukweli upi?"

"Unaujua." Sauti ya Selestini iligeuka, uchungu wa siku ile ya posa ulikuwa haujamtoka. "Mwambie kwamba nguruwe aliyemtukania wazee wangu anamwingia damuni asubuhi na jioni, na bado yuko hai, na bado anasali. Mwambie aone kama..."

"Nyamaza!"

"Kwa nini ninyamaze? Mimi sikuwahi hata kula..."

"Nimesema nyamaza!" Mwamini alisimama. "Unataka niseme hivyo, aache dawa, afe, halafu mimi na wewe tupande treni? Ndiyo mahari yangu hiyo? Baba yangu?"

Selestini naye alisimama. Walitazamana, wote wawili wanapumua kama waliokimbia. Kisha Selestini akainamisha uso.

"Nisamehe. Sikukusudia. Mimi... Mwamini, naogopa. Nikipanda treni ile peke yangu, sitakupata tena. Najua."

"Unadhani mimi silijui hilo?" Alisema kwa sauti ndogo. "Unadhani sikulitamani neno hilo la nguruwe? Siku ile nyuma ya pazia lilinifika hapa." Aligusa koo. "Kwa ajili yako nusura nimuue baba yangu kwa neno moja. Ndivyo ninavyokupenda, kama ulikuwa hujui."

Selestini aliinua mkono kumfuta machozi, na ndipo fimbo ilipogonga kizingiti cha mlango wa nyuma.

"Hodi nyumbani kwangu mwenyewe," alisema Mzee Saad.

Mkono wa Selestini ulianguka. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, kofia yake nyeupe imekaa sawasawa, macho yake yenye ukungu yanawatafuta. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu saa ngapi.

"Shikamoo, mzee," Selestini alisema.

"Marahaba. Kaa, kijana. Na wewe Mwamini, nipe kigoda, miguu yangu imekufa ganzi kwa kusimama kusikiliza."

Basi amesikia. Mwamini alileta kigoda. Mzee alikaa taratibu, akaweka fimbo mapajani.

"Hicho kiraka," alimwambia Selestini. "Nataka kuuliza. Kikishashonwa, mshono haufumuki?"

Selestini alimtazama Mwamini, kisha mzee. "Haufumuki, mzee. Tena kijidudu kikizaa, watoto wanazaliwa na kiraka hichohicho."

"Na wajukuu?"

"Na wajukuu."

"Subhanallah." Mzee Saad alitikisa kichwa, na kwa kitambo akawa fundi tena, amesahau yote. "Kanzu inayozaa kanzu. Miaka yote niliyokaa kwenye cherehani, sikuwaza ufundi kama huo." Akamgeukia binti yake. "Mwamini."

"Abee, baba."

"Kwa nini unadhani nimerudi kula nyama ya ng'ombe?"

"Nilidhani... njaa, baba."

"Njaa!" Mzee alicheka bila furaha. "Ng'ombe hanidai tena, mwanangu. Ndiyo sababu."

Kuku walikuwa wamekwenda zao.

"Muuguzi aliniambia," mzee aliendelea. "Siku ile kabla ya Ramadhani nilipokwenda kupimwa macho. Aliniita pembeni, akasema, mzee, wewe ni Mwislamu, dawa imebadilika, una kipingamizi? Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja kwa sheikh. Sheikh akanifungulia kitabu, akasema, Saad, hiyo ni dharura. Mwenye kukabwa na mauti anaruhusiwa kilichoharamishwa, kwa kiasi cha kumwokoa, hata tone zaidi hapana. Nikaridhika. Nikamwomba yule muuguzi asikwambie. Nilijua ukijua, mkono wako utatetemeka."

"Mkono wangu ulitetemeka, baba." Mwamini alikuwa analia sasa bila kujificha. "Nilijua. Kila siku nilijua. Nikaogopa ukijua utaacha."

Walikuwa wamefichana kitu kimoja kwa miezi yote ile, huyu akinyoosha mkono, huyu akichoma, kila mmoja akimhurumia mwenzake. Mzee Saad alitafuta kichwa cha binti yake kwa kiganja, akakipata, akakishika.

Lakini Mwamini alijitoa chini ya kiganja kile. Lilimjia jambo jingine, na lilikuja na hasira.

"Kama nguruwe ulishamkubali, baba, kwa nini ulimtupia Sele neno lile? Mbele ya wazee wake? Mzee wa watu hakunywa hata chai!"

Mzee alisugua goti lake.

"Baba, nakuuliza kwa adabu."

"Sikia, Mwamini, basi," Selestini alisema polepole.

"Hapana, mwache," alisema Mzee Saad. "Ana haki." Aligeuza uso upande wa Selestini. "Kijana, nilikutukana. Nguruwe lilikuwa neno jepesi, lipo karibu, kila mtu angelielewa. Barazani walinisifu. Lakini ukweli ni kwamba siku ile ulipokuja, mimi sikukuona wewe wala dini yako. Nilimwona mtu amekuja kuchukua mkono unaonichoma." Aliishika fimbo kwa mikono miwili. "Niliogopa kufa. Mtu mzima, nimezika mke, nimezika ndugu, nikaogopa kufa kama mtoto anavyoogopa giza. Sheikh alidhani dharura yangu ni dawa. Dharura yangu ni huyu. Na nimekunywa zaidi ya kiasi."

Mwamini alipiga magoti mchangani. Hakujua amshike yupi, amwache yupi. Upande huu mwanamume anayempenda amesimama na tiketi mbili, upande huu baba yake, na kila mmoja amekuwa mwema ghafla, na wema wao ndio uliomfunga zaidi. Angejua kupambana na baba katili. Huyu angepambana naye vipi?

"Mzee," Selestini alisema, na Mwamini alijua atakachosema kabla hajakisema. "Nitabaki. Nafasi ya masomo nitaiacha. Tutaishi hapahapa Ujiji, nami nitakuchoma..."

"Usiniongezee deni!" Mzee alipiga fimbo chini. "Nimekula miaka ya huyu, nile na ya kwako? Na hicho kiraka atakishona nani? Wewe nenda. Nendeni wote wawili." Alivua kofia yake, akajifuta jasho, akaivaa tena. "Mimi ni fundi. Sindano imenilisha maisha yangu yote, leo itanishinda? Mwamini, jua limefika wapi?"

"Linazama, baba."

"Basi ni wakati wake. Leo ninajichoma mwenyewe. Lete."

"Baba..."

"Lete, nimesema. Asubuhi rangi ilikuwaje?"

"Kijani."

"Basi mpaka mstari wa kawaida. Lete bomba, lete chupa."

Mwamini alileta. Selestini alimsaidia kushika sahani, na mikono yao haikugusana. Mzee Saad aliosha mikono, akasema "Bismillahi", akashika bomba. Na lilikuwa jambo la kutazama, maana mikono ile ilikumbuka. Haikutikisika. Alitafuta kizibo cha chupa kwa ncha ya kidole, akachoma sindano katikati pasipo kubabaisha, akaanza kuvuta. Alivuta huku ameinua bomba mpaka karibu ligusane na kope, akiligeuza upande wa jua lililobaki.

Dawa ilipanda. Ikafika mstari wa kawaida. Ikaupita.

Mwamini alisubiri aache kuvuta. Hakuacha. Alivuta tena taratibu, kwa umakini wote wa fundi, mpaka bomba lilipojaa mara mbili ya kipimo. Kisha akatabasamu.

"Hapo," alisema. "Sawasawa, sivyo?"

Mwamini aliinua macho, yakakutana na ya Selestini juu ya kichwa cha baba yake. Selestini alikuwa mtu wa maabara, hakuhitaji kuambiwa. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Kipimo kile kikiingia, mzee angelala kabla chakula hakijaiva na asingeamka tena. Walitazamana kwa muda mrefu, kama walivyotazamana mara ya kwanza pale dirishani, ila mara hii wote wawili walikuwa wanasoma jibu.

"Imezidi, baba," Mwamini alisema.

Tabasamu la mzee liliyumba. "Imezidi? Sana?"

"Kidogo tu." Alichukua bomba mkononi mwake kwa upole. "Kidogo sana. Hata mimi siku za kwanza nilizidisha."

Akageuka kuelekea jua, akasukuma, na dawa ikaruka ikamwagika mchangani, nusu nzima. Alimrudishia bomba. Mzee alikunja shuka, akashika nyama ya paja kati ya vidole viwili kama mtu anayeshika pindo, akachoma. Safi, bila hata kukunja uso.

"Mmeona?" alisema, na uso wake wote uliangaza. "Si nimeweza?"

"Umeweza, baba."

"Selestini! Umeona?"

Selestini aliweka sahani chini. "Nimeona, mzee."

"Basi." Mzee Saad alijiegemeza ukutani, mwepesi kama mtu aliyelipa deni. "Alhamisi siyo mbali. Mwamini, kuna ile gauni ya mama yako kwenye sanduku, itatosha ukiipunguza kiunoni. Utakwenda, sivyo?"

"Nitakwenda, baba," alisema Mwamini.

Kisha akachukua bomba, akalisuuza, akatia maji mapya kwenye sufuria na kulibandika jikoni, kwa ajili ya sindano ya asubuhi.

Selestini alimtazama akifanya hivyo. Alitoa mfukoni tiketi moja, akaiweka juu ya kifuniko cha mtungi na kuiwekea jiwe isipeperuke, akaaga, akatoka.

Mwamini hakuigusa. Aliinama akapuliza makaa, moshi ukamwingia machoni, na baba yake alipomsikia akipenga kamasi alimwambia aache kuni mbichi.